Mabirika ya Mama Picha

Ukitaka ugomvi na Mama Picha, mwambie kuchora ni kipaji. Ataweka brashi chini, akutazame juu ya miwani, akuulize kama na wewe ulizaliwa na kipaji cha kufunga vifungo vya shati. Kwake kuchora ni kazi ya kukaa kitako mpaka kiuno kilie, na kazi yake imefika mbali kuliko ya watu wengi wenye majina makubwa. Kuna watu wazima, wana ndevu na vitambi, waliojifunza kusoma huku wakimtazama mbwa aliyechorwa naye. Hakuna hata mmoja anayemjua. Majirani nao jina lake halisi wameshalisahau. Siku watoto wa mtaani walipochungulia dirishani wakamkuta anachora mbuzi, wakamwita Mama Picha, likamganda.

Anafanyia kazi chumba cha mbele, chenye dirisha pana. Meza ni ya mbao nzito, aliyoiranda marehemu baba yake, aliyekuwa seremala. Juu yake kuna mkebe wa penseli, sahani ya kuchanganyia rangi, na vikombe viwili vilivyofanana kama pacha, kimoja cha chai na kimoja cha kusuuzia brashi. Mara ngapi amechanganya vikombe hivyo, mwulize wifi yake, atakueleza bila hata kuombwa.

Shirika la vitabu likimpa kazi humletea maandishi yaliyopangwa ukurasa kwa ukurasa, na mahali pa picha pameachwa wazi. Kaka na dada wanakwenda shule. Kaka na dada wanachota maji. Mbwa amekula daftari. Anayedhani hayo ni mambo ya kitoto na ajaribu. Dada akiwa na vifungo vinne ukurasa wa mwanzo, awe na vinne mpaka mwisho wa kitabu, la sivyo kuna mtoto mahali fulani atanyoosha kidole darasani na mwalimu atapiga simu. Aliwahi kuchora saa ya darasani inaonyesha saa moja, na nje jua liko utosini. Walimu hawakumpa nafasi ya kupumua. Tangu hapo, saa zake zote za ukutani zimefichwa nusu na kabati.

Hiyo ni kazi ya kula. Kazi ya roho iko chumba cha ndani, na huko haingii mtu. Kila Jumamosi asubuhi huweka birika la bati juu ya kigoda, karibu na dirisha dogo, akalichora kwenye kipande cha karatasi kisichozidi kiganja. Birika ni lile lile, la bluu, limebonyea ubavuni na rangi imebanduka mdomoni. Akimaliza huitundika picha kwenye uzi ukutani, pamoja na za Jumamosi zilizopita. Wifi aliwahi kumuuliza mbona asichore hata sufuria, angalau kubadilisha. Alifungiwa mlango.

Birika lilitoka nyumbani kwao. Baba yake aliingiwa na giza la macho akiwa bado na nguvu za kupiga randa. Ugonjwa ulimnyemelea naye akauficha. Alipima mbao kwa vidole na kuwaambia wateja kwamba seremala wa kweli hana haja ya kutazama. Alipokubali kwenda hospitali aliambiwa kilichokwenda hakirudi. Miaka yake ya mwisho alikaa kitini, binti yake akimmiminia chai, na kila aliposikia birika linagusa meza aliuliza, "Bado la bluu?"

"Bado la bluu, baba."

Mzee akishajibiwa hivyo alitulia kama maji mtungini. Alipozikwa, binti alirudi kwake na birika chini ya kwapa. Hakukuwa tena na wa kumuuliza, lakini Jumamosi ilipofika mkono wake ulitaka kujibu.

Basi ndipo mwaka jana ukaja ukungu. Kwanza alilaumu miwani. Akaifuta kwa kanga, akaifuta kwa sabuni, mwisho akanunua nyingine. Akalaumu balbu. Akasogeza meza karibu na dirisha, jua likamchoma macho mpaka machozi, akairudisha. Akalaumu kiwanda cha rangi, kwamba siku hizi wanatia maji. Alilaumu kila kitu isipokuwa jicho, maana jicho alikuwa analiogopa. Kinyozi hajinyoi, na mchoraji naye hajichunguzi.

Wakati huo alikuwa amepewa kitabu kipya cha darasa la pili, na bluu ilimsumbua kuliko rangi zote. Sweta za shule alizozichora zilitoka kijivu kama zimefuliwa mara mia, akaongeza bluu. Mashati meupe yalionekana yameingia manjano, akayapitishia bluu hafifu, kama dobi atiavyo bluu kwenye maji ya kusuuzia. Nyuso za kaka na dada zilikuwa na umanjano wa wagonjwa, akazitia bluu kidogo nazo. Kurasa zikaenda shirikani hivyo, na yeye roho yake safi.

Safi, kwa sababu alikuwa na ushahidi. Kila Jumamosi alipomaliza birika, alishika picha kando ya birika lenyewe na kulinganisha bluu na bluu. Zilikuwa sawa kabisa. "Jicho bovu lingeweza hivi?" alijiuliza, na kujijibu mwenyewe kwamba lisingeweza, kwa kuwa chumbani humo hapakuwa na shahidi mwingine.

Wa kwanza kushtuka alikuwa wifi yake. Huyo ni dada wa mumewe, fundi cherehani, na anaishi ng'ambo ya ua. Mume mwenyewe ni dereva wa malori ya masafa, anakuja nyumbani kama mgeni, kwa hiyo mawifi hao wawili ndio wenye nyumba, na utani wao unasikika mpaka barabarani. Siku hiyo wifi alikuwa anakunja pindo za sketi za shule, na Mama Picha amekaa kando ya kikapu cha nyuzi.

"Wifi, nirushie uzi wa bluu, ule wa sketi."

Mama Picha akarusha. Wifi akaupachika, akashona shibri moja, akasimamisha mashine.

"Huu mweusi."

"Bluu huo."

"Mimi nimeshona sketi hizi kaka yangu hajakuoa. Huu mweusi kama masizi."

"Basi ni hiyo taa yenu. Umeme mnaubana, ukoo mzima mkono wa birika."

"Saa hizi ni mchana, wifi. Hiyo taa unayoisema ni jua."

Mama Picha akacheka, akacheka kupita kiasi, kisha akaaga kwamba ameacha kitu jikoni. Hakukuwa na kitu jikoni. Alisimama katikati ya chumba cha kazi, akifungua na kufumba jicho moja moja huku akiitazama meza ya baba yake. Alikuwa anaogopa, tena vibaya sana. Kama macho yangekwenda, angebaki na nini? Kupika ajuavyo yeye ni kuunguza.

Haikupita wiki, mhariri wa shirika akaja mwenyewe, bila kupiga simu. Ni binti mdogo, mpole, aliyejifunza kusoma kwa vitabu vya Mama Picha na hajawahi kuacha kumtajia yule mbwa. Wifi alikuwapo, siku zile alikuwa haishi kupita pita, mara anaomba chumvi, mara anarudisha chumvi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

Mhariri akakaa, akatoa kurasa mkobani, akazipanga mezani moja moja. Akakohoa kidogo.

"Mama, nisamehe kuuliza. Hawa watoto wanaumwa?"

"Waumwe nini?"

"Tulizipanga hivi ofisini, mkuu wangu akauliza kama hadithi yote inatokea ndani ya friji. Midomo ya bluu, mama. Mashati ya bluu. Na huyu mbuzi, tulisema awe mweupe."

"Mweupe huyo."

Wifi akainama juu ya ukurasa. "Mbuzi huyu amekufa kwa baridi tangu juzi," akasema, kisha akaona hakuna anayecheka.

"Kama ni mtindo mpya, mama, wewe niambie tu," mhariri akasema taratibu. "Nitajua la kuwaambia wakubwa. Ila wameanza kumtaja kijana mmoja anayechora kwa kompyuta."

Upole huo ulimchoma Mama Picha kuliko kama angefokewa. Akasema watoto atawatibu, apewe muda kidogo. Mhariri akaaga, akaacha kurasa. Mlango ulipofungwa, wifi aliegemea palepale, mikono kifuani.

"Wifi, unaona?"

"Naona."

"Unaona nini?"

Mama Picha akavua miwani. "Ukungu," akasema. "Naona ukungu tangu mwaka jana." Na hapo akalia kilio cha kwikwi, akaeleza yote: baba, randa, vidole juu ya mbao, na ile siku ya kuambiwa kilichokwenda hakirudi.

Wifi alimwacha alie mpaka amalize. "Mficha maradhi kifo humwumbua," akasema. "Baba yako alificha, na wewe unaficha. Kesho tunakwenda."

"Na wakiniambia kama walivyomwambia yeye?"

"Basi watakuwa wamekuambia wao. Sasa hivi unajiambia mwenyewe, na wewe si daktari. Wewe ni mchora mbuzi, tena siku hizi hata mbuzi wanakushinda."

Kesho yake walikaa kwenye benchi la hospitali ya macho, katikati ya watu waliotiwa dawa na kupepesa kama wametoka usingizini. Muuguzi alimwita Mama Picha akasimame mbele ya ubao wa herufi. Herufi kubwa ya juu aliiona. Ya pili aliibahatisha. Ya tatu alikuwa anaikodolea macho, mara akasikia sauti nyuma yake ikinong'ona, "Ra… halafu ta…"

"Wewe mama!" muuguzi akafoka. "Unamsaidia mtihani wa macho?"

"Nilidhani asipofaulu hatibiwi," wifi akajitetea. Akatolewa nje.

Daktari alikuwa mtu wa maneno machache. Alimwekea kidevu juu ya mashine, akammulika jicho la kulia, akammulika la kushoto, akarudia, akaandika, akarudia tena. Mama Picha alishika kingo za kiti kwa mikono miwili. Alijisemea kwamba likija neno lolote baya atalipokea akiwa amenyooka, kisha akagundua kwamba hata kunyooka kwenyewe hajui kama ananyooka.

"Mama, hiki ni mtoto wa jicho," daktari akasema. "Macho yote mawili."

"Na baba yangu…" Akamweleza. Daktari akasikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali mawili matatu.

"Hiyo ilikuwa presha ya macho, ni ugonjwa mwingine kabisa. Nimekupima, huna dalili yake. Wewe lenzi ya jicho imechakaa, imegeuka manjano kama kioo cha taa ya mafuta ambacho hakifutwi. Bluu haipiti vizuri. Tunaitoa, tunaweka nyingine safi, unarudi kwenye kazi yako."

"Kuchora?"

"Ndiyo, kuchora."

Mama Picha akashusha pumzi ambayo, kwa hesabu yake, alikuwa ameibana tangu mwaka jana. Akaanza kucheka, kicheko kikaingia machozi, na machozi yakarudi kucheka. "Miaka yote hii nachora watoto wa wenzangu," akasema, "kumbe wangu kajificha jichoni!" Nje kwenye benchi wifi alisikia sauti bila maneno, akajua mambo yameharibika, akaangua kilio kilichowatoa wauguzi vyumbani. Ilibidi mgonjwa ndiye atoke kumbembeleza msindikizaji.

Furaha hiyo ilimfikisha mpaka mlango wa chumba cha ndani, ikaishia hapo. Alisimama akiyatazama mabirika yake kwenye uzi, na wazo likamwingia kama mwiba. Jicho lililompitisha mbuzi wa bluu ndilo lililoyapitisha mabirika haya. Ule ushahidi aliojivunia ulikuwa ni mtuhumiwa anajitolea ushahidi mwenyewe. Kama ndivyo, basi Jumamosi zote za mwaka mzima alikuwa amemjibu baba yake uongo. Alizigeuza picha moja moja, zikaelekea ukutani, akatoka na kufunga mlango. Upasuaji haukumtisha tena. Kilichomtisha ni kuja kuziona zile picha baadaye.

Upasuaji wenyewe ulikuwa wa jicho moja kwanza, la kulia, na uliisha kabla hajamaliza kuogopa. Alilala na kiraka. Asubuhi muuguzi alikibandua, na Mama Picha akaona ukuta.

Ulikuwa mweupe. Alikuwa ameshasahau kwamba nyeupe huwa hivyo. Akafumba jicho la kulia, akatazama kwa la kushoto: ukuta ukawa rangi ya chai. Akarudi la kulia: mweupe. Akafanya hivyo mara nyingi, huku na huku, na muuguzi akamsubiri bila kumharakisha, kwa kuwa ndivyo wanavyofanya wote. Kisha akageuka kumtazama wifi yake aliyekuwa amesimama mlangoni, roho mkononi.

"Wifi!" akasema. "Umezeeka!"

"Mrudishieni lile jicho la zamani," wifi akamwambia muuguzi. "Hili hatulitaki."

Walicheka njia nzima. Mama Picha aliona kila jani na kila kigae, akavitaja kwa sauti kama mtoto anayejifunza kusoma. Nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye meza, akafunua kurasa za kitabu, akazitazama kwa jicho jipya. Aliweka mkono mdomoni. Watoto walikuwa bluu. Mwalimu alikuwa bluu. Mbuzi, maskini, alikuwa bluu kuanzia pembe mpaka kwato, na bado anatabasamu. "Jamani watoto wangu," akasema, "mmevumilia mengi!"

Alimpigia mhariri simu, akamwambia ukweli wote bila kupunguza. Upande wa pili akasikia mtu anashusha pumzi ndefu kama yake mwenyewe.

"Tutasubiri, mama," mhariri akasema. "Mkuu alishamjaribu yule kijana wa kompyuta. Kamchora dada na vifungo vinne, ukurasa wa pili vitatu."

Kazi ilikuwa imepona. Macho yalikuwa yamepona, nusu yake, na nusu nyingine ilikuwa na tarehe. Kilichobaki ni chumba cha ndani. Jumamosi ilipofika Mama Picha alisimama mbele ya mlango ule, ufunguo mkononi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yao akamwita wifi aingie naye.

"Zigeuze wewe," akamwambia. "Mimi nitatazama birika."

Alilichukua birika akaliweka kigodani. Kwa jicho jipya lilikuwa la bluu kweli, bluu ya utotoni kwao, na ubavuni liliota mikwaruzo midogo ambayo hakuikumbuka. Nyuma yake alisikia karatasi zikigeuzwa, moja, nyingine, nyingine.

"Mbaya?"

"Geuka mwenyewe."

Akageuka. Mabirika yalikuwa yametundikwa mstari mzima, kutoka yale ya zamani mpaka la juzi. Ya karibuni yalikosa mikwaruzo, kingo zake zililegea, na moja mpini ulikuwa umepinda. Lakini yote yalikuwa ya bluu. Alichukua la mwisho, akalishika kando ya birika lenyewe, akafumba jicho la zamani, akalinganisha. Bluu na bluu. Akachukua lingine. Bluu na bluu.

"Haiwezekani," akasema. "Mbuzi niliharibu. Watoto niliharibu. Haya yalinusurikaje?"

Wifi alikuwa amelishika birika mojawapo la karatasi mbali na uso, anakunja jicho kama anayechagua kitambaa. "Mbona rahisi. Mimi nikienda dukani kununua uzi nabeba kipande cha nguo. Hata taa ya duka iwe mbovu vipi, nikiuweka uzi juu ya nguo sikosei, maana taa mbovu inaviharibu vyote viwili sawasawa. Siku nikienda kwa kukumbuka tu, naleta uzi wa ajabu. Birika ulikuwa nalo mbele yako, wifi. Wale watoto ulikuwa unawakumbuka tu."

Mama Picha aliketi kwenye sakafu, palepale. Alikuwa na furaha. Mwaka mzima ameona ukungu, mwaka mzima amejidanganya kwa kila kitu, na katika jambo hili moja hakuwa amemdanganya mtu. Kila Jumamosi alikuwa amejibu sawa.

Alipandisha macho kigodani, akalitazama birika kwa muda.

"Bado la bluu, baba," akasema, kwa sauti, mbele ya mtu.

Wifi alipangusa pua kwa ncha ya kanga. Kisha akachukua kikombe, akakinusa kwanza kuhakikisha si cha chai, akaenda kumletea maji safi ya brashi.